UZI: Vifaa vya zamani vya magari na pikipiki kwenye sanduku la marehemu baba, naomba tuvitambue kimoja kimoja

Mwana wa Mkonge (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Baba yangu alikuwa makanika wa shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, tangu mwanzoni mwa miaka ya sitini mpaka goti lilipomkataa. Kila chenye injini pale shambani kilipita mikononi mwake: malori ya Bedford, Land Rover za mameneja, trekta, na pikipiki mbili za BSA walizopanda wasimamizi. Alifariki mwaka juzi. Sanduku lake la mbao lilibaki stoo ya nyumbani.

Mwezi uliopita nimefika nikakuta limebaki nusu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita, akapima kwa kilo, akalipa, akaondoka. Waliouza hawakuwa na nia mbaya, waliona kutu tu. Iliniuma sana. Nusu iliyobaki nimekaa nayo wiki tatu, na kila chuma ninachokijua matumizi yake kinanifanya niwaze ni kipi kilichokwenda. Ndiyo maana nafungua uzi huu. Wewe mwenye sanduku la mzee wako, tafadhali usilifikishe kwenye mizani kabla hujapita hapa.

Nilivyosafisha: sikupitisha grainda hata mara moja. Nimeloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha ndani ya karai, nikasugua kwa brashi ya waya ya mkono, nikafuta kwa kitambaa. Maandishi yaliyofifia nayapaka unga wa chaki kisha napangusa juu kwa kidole, chaki inabaki ndani ya herufi. Halafu nalaza tochi ya simu ubavuni mwa chuma. Ukimulika kutoka juu huoni kitu, ukimulika kwa ubavu herufi zinainuka zenyewe. Midomo yote nimeipima kwa vernia, kile kipimo cha kubana chenye taya mbili.

Namba 1. Spana flati ya midomo miwili. Upande mmoja imegongwa "3/16 W, 1/4 BS", upande wa pili "1/4 W, 5/16 BS". Midomo inapima mm 11.4 na mm 13.4. Nimeijaribu kwenye kila bolti ya nyumbani, haikai popote.

Namba 2. Kispana kifupi kuliko kidole changu cha shahada, chembamba kama sarafu. Ubavuni kimefungwa kibati kwa ribiti, kinafunguka na kujikunja kama kisu cha mfukoni.

Namba 3. Bomba la chuma urefu wa shubiri moja. Ncha moja ina pembe sita kwa ndani, mm 52 ubavu kwa ubavu. Ncha ya pili ina matundu mawili yanayotazamana.

Namba 4. Spana nyembamba mno, bapa, shingo ndefu. Ina alama ya mshale wa mikwaju mitatu kama unyayo wa kuku, chini yake 1942.

Namba 5. Kichuma cha mikono minne kama msalaba, kinaenea kiganjani. Kila mkono una ncha yake tofauti.

Namba 6. Spana ringi iliyokatwa katikati, ikapindwa, ikachomelewa kipande cha nondo.

Namba 7. Kijiti cha mbao chenye vikombe vya mpira ncha zote mbili, kimoja kikubwa kimoja kidogo. Mpira umekauka kama ukwato.

Naomba kuwasilisha.

---

Boda Igoma

Pole sana mkuu kwa mzee, na pole kwa hiyo nusu.

Namba 5 naijua, ninayo ya kichina kibandani. Ni ya valvu ya tairi. Mkono mmoja unatoa kile kichuma cha ndani cha valvu. Wa pili unasafisha nyuzi za ndani zikiwa na uchafu au zimeharibika. Wa tatu unarudishia nyuzi za nje, zile ambazo kofia ya valvu inafungwa. Wa nne unang'oa kichuma kikikatikia ndani. Hicho bado kipo kazini, usikitupe. Mtu akija na tyubu nzima ila valvu imeliwa nyuzi, kazi ni ya dakika mbili.

Namba 3 nadhani ni spana ya plagi ya lori. Ushauri wangu, piga grainda kidogo zing'ae, zitapata bei nzuri.

---

Dada wa Changamwe

Ndugu Boda, nakuomba usimshauri mtu hivyo. Mimi nauza spana na vipuri Mombasa, wateja huniletea vyuma vya wazee wao kila mwezi. Juzi nimeletewa spana nzuri sana, nzito, imesuguliwa kwa grainda ikawa kama kioo. Jina la kiwanda limekwenda, saizi imekwenda, na mdomo umepanuka kwa sababu alisugua mpaka ndani. Ikabaki chuma tu, huwezi kusema yatoka wapi wala yafunga nini. Fedha niliyompa ni ile ya chuma tu.

Kutu ni kitu cha juu juu, maandishi ndiyo kitambulisho. Mafuta ya taa yakishindwa tumia siki, lakini usilale nayo siku tatu, chuma huliwa. Ukitoa, osha kwa maji na magadi, kausha juani, paka oili papo hapo, maana chuma kilichotoka kwenye siki hupata kutu upya kabla hujamaliza chai yako.

Kuhusu namba 3, si plagi. Plagi ya kawaida yenye uzi wa mm 14 kichwa chake ni inchi 13/16, kama mm 20.6. Hiyo ya mm 52 ni zaidi ya mara mbili.

---

Boda Igoma

Nimekuelewa dada. Nafuta neno langu la grainda.

---

Fundi Tapeti

Niko Arusha, nimefanya kazi na Land Rover za zamani miaka ishirini na mitano. Niruhusuni niandike kwa urefu, namba 1 na namba 3 ni za kwangu hizi.

Namba 3 ni spana ya nati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya Land Rover. Ukitoa flanji ya dryvu, ile sahani inayozungusha gurudumu, unakutana na nati mbili kubwa nyembamba na washa ya kufunga katikati yake, inayokunjwa ili zisilegee. Nati hizo ni za mm 52. Zimekaa ndani ya shimo, spana ya kawaida haifiki, ndiyo maana ikatengenezwa kwa bomba. Yale matundu mawili ni ya kupenyeza fimbo ya kugeuzia. Mtu asiyekuwa na bomba hili huchukua tindo na nyundo akazigonga nati kwenye kona. Fungueni habu kumi za Land Rover, nyingi mtazikuta nati zina majeraha ya tindo. Makombo ya chuma yanaingia kwenye beringi, miezi miwili gurudumu linaanza kulia.

Mkuu, angalia pembe za ndani za bomba la mzee wako. Kama bado ni kali, jua alilitumia kwa nati zisizojeruhiwa, na habu za shamba lile zilikuwa mikononi salama.

Sasa namba 1. Hapa ndipo mafundi wengi wa leo tunapopotea, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Hiyo W ni Whitworth, Mwingereza Joseph Whitworth, aliyetoa kipimo chake cha nyuzi mwaka 1841. Nyuzi zake zina pembe ya digrii 55, tofauti na zile za digrii 60 za milimita na za Marekani. BS ni uzi mwembamba wa Kiingereza, BSF, uliokuja baadaye. Ila jambo la kushika kichwani ni hili: namba iliyogongwa kwenye spana hizi haisemi upana wa mdomo. Inasema unene wa bolti yenyewe, ule mwili wenye nyuzi. Spana iliyoandikwa 1/4 W ni ya bolti nene robo inchi, lakini kichwa cha bolti hiyo kina upana wa inchi 0.525, yaani mm 13.3. Na kwa kuwa bolti za BSF zilipewa vichwa vidogo zaidi, kichwa hichohicho ndicho cha BSF ya 5/16. Ndiyo maana upande mmoja una namba mbili.

Spana za inchi zilizokuja baadaye, zile zenye AF, zinasoma mdomo. 1/2 AF mdomo wake ni nusu inchi kamili. Kwa hiyo kijana anashika spana iliyoandikwa 3/8 akitegemea mdomo wa inchi 3/8, anakuta mdomo wa mm 18. Anasema spana mbovu, anaitupa. Spana haina kosa.

Na huo mm 13.3 ni balaa kwa asiyejua. Spana ya 13 haiingii. Ya 14 inaingia ikicheza. Ya 1/2 AF haiingii, ya 9/16 AF inacheza kuliko hata ya 14. Fundi anachukua ya 14, anavuta, pembe za bolti zinalika. Baada ya hapo ni koleo, baada ya koleo ni tindo, baada ya tindo ni kuchoma kwa gesi. Nimepokea Land Rover ya zamani yenye bolti kumi na moja zilizoliwa vichwa, zote zingefunguka kwa spana kama hiyo namba 1.

Land Rover ya mfululizo wa kwanza, ya 1948 mpaka 1958, imejaa BSF. Zilizofuata zimechanganya, na ile ya tatu iliyoanza 1971 nyingi ni UNF, uzi mwembamba wa digrii 60, spana za AF. Gari moja linaweza kukutaka seti mbili. Nyuzi nazo zinadanganya: BSF ya robo inchi ina nyuzi 26 kwa inchi, UNF ya robo inchi ina 28. Nati itaingia mizunguko miwili mitatu kwa mkono, unaona ni yenyewe, ukiongeza nguvu inakwama na zote mbili zimeharibika. Ikikataa kwa vidole, simama.

---

Mwana wa Mkonge

Fundi, ahsante sana. Nimekwenda stoo na tochi. Pembe za ndani za bomba ni kali, hazijaliwa. Kwenye fimbo ya kugeuzia, ambayo nilidhani ni nondo ya kawaida, kuna sehemu mbili zimeng'aa zilipokuwa zinakaa mikono yake.

---

Mzee wa Nachi

Wanangu, nimesoma yote. Niko Nachingwea, nina miaka themanini na miwili.

Namba 2 na namba 4 ni za BSA.

Hiyo ndogo yenye kibati ni spana ya magneto ya Lucas. BSA za zamani hazikuwa na umeme wa betri kwa plagi, magneto ndiyo ilitengeneza cheche. Ndani yake kuna pointi zinazofunguka na kujifunga. Spana inalegeza nati ya pointi, na kile kibati ndicho kipimo cha nafasi kati ya pointi, inchi 0.012, kama mm 0.3. Unazungusha injini mpaka pointi zifunguke kabisa, unapitisha kibati. Kipite kwa kusuguasugua kidogo, kama unachomoa karatasi chini ya kitabu. Kikipita bure, pointi ziko wazi mno. Kisipopita, ziko karibu mno na pikipiki itasumbua kuwaka asubuhi. Mpe kijana yeyote hicho kifaa bila maelezo, atakitumia kuchokonolea meno.

Namba 4 ni ya tapeti, vile vichuma vinavyosukuma valvu za injini. Mshale ule ni alama ya mali ya jeshi la Waingereza, na 1942 ni mwaka wa vita. BSA M20 ndiyo pikipiki waliyoipa jeshi lao kwa wingi wakati wa vita, takriban 126,000 zilitengenezwa. Injini ya cc 500, valvu zake zimesimama ubavuni mwa silinda, siyo juu. Tapeti ziko chini kwenye kijumba chenye kifuniko, nafasi ni finyu, ndiyo maana spana ni bapa na shingo ndefu. Vita vilipokwisha ziliuzwa kwa raia, nyingine zikaishia mashambani.

Ila mwanangu, hiyo haifanyi kazi peke yake. Moja inashika tapeti isizunguke, nyingine inalegeza nati ya kufungia. Zilikuwa jozi.

---

Mwana wa Mkonge

Shikamoo mzee.

Nimegeuza sanduku zima, nimetoa mpaka vumbi la chini. Mwenzake hayupo. Amekwenda na kilo zile.

---

Mzee wa Nachi

Marahaba mwanangu. Pole. Chukua spana flati yoyote ya mdomo uleule, isage ubapa pande zote mbili mpaka ilingane na huyo aliyebaki. Lakini chagua spana ya bei rahisi isiyo na jina, usimharibu mzee mwingine.

Na mimi nina changu. Hapa Nachingwea kuna spana kubwa, urefu wa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, mdomo wa inchi 1 na 1/8, imeandikwa U.S.A. Niliipokea kwa fundi aliyenifunza kazi. Dada wa Changamwe aliyetaja maandishi, nisaidie kama kuna lingine la kusoma. Nina picha ila mjukuu ndiye atapandisha.

---

Dada wa Changamwe

Shikamoo mzee wangu. Picha nimeiona, mjukuu apewe soda.

Spana ya mdomo wa inchi 1 na 1/8 kwa AF, nzito hivyo, ni ya mitambo mikubwa. Na mahali ulipo panaeleza mengi. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Urambo, 1947 mpaka 1951. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, wakanunua mitambo ya ziada ya jeshi la Marekani iliyobaki Ufilipino, mingi ikiwa Caterpillar. Vilevile wakaleta matrekta yaliyotengenezwa kwa vifaru vya Sherman. Mradi ukafa, mitambo ikatawanyika, na spana zikabaki mikononi mwa waliojua kuzitumia. Mzee, fundi wako alikufunza mwaka gani?

---

Mzee wa Nachi

1961. Naye alianzia kazi kwenye karanga, akiwa kijana wa kubeba sanduku la spana nyuma ya trekta. Mvua ikikatika ardhi ya huku inakuwa ngumu kama saruji, majembe yalikuwa yanavunjika kila siku. Alisema spana hii ilikuwa inashikwa na watu wawili.

---

Dada wa Changamwe

Ahsante mzee, nimefurahi kujua hilo.

Kwa wengine wote, nawapa maandishi ninayokutana nayo sana, ili mtu asidanganywe umri wa kifaa.

Ukiona D.R.G.M. ni Ujerumani, haki ya ubunifu iliyosajiliwa wakati wa dola ya Reich, yaani kabla ya 1945. Watu wa Tanga huniletea wakisema ni ya enzi za Mjerumani, za reli. Yaweza kuwa, lakini alama hiyo iliendelea kugongwa miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka Tanganyika. Angalia na kitu chenyewe: kama kina saizi ya plagi ya gari la miaka ya thelathini, hiyo reli haipo hapo. "West Germany" ni kati ya 1949 na 1990. "Made in Occupied Japan" ni dirisha dogo la baada ya vita, mpaka 1952. Namba ya hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) ya Uingereza yenye tarakimu sita inayoanzia 100,001 ni ya 1916 kwenda mbele, na ukiipata hiyo namba umepata mchoro wenyewe, kwa sababu hataza huwekwa wazi zikasomwa na yeyote. Ukiona bunduki tatu zimeegemezana, hiyo ni BSA, jina lao refu ni kiwanda cha silaha ndogo cha Birmingham.

Na kuna mtego mmoja wa magari ya zamani ya Morris ambao Fundi Tapeti hakuutaja. Morris walinunua kiwanda cha injini cha Coventry mwaka 1923 kutoka kwa kampuni ya Kifaransa, Hotchkiss. Mashine zilikuwa za kukata nyuzi za milimita. Wakaendelea na nyuzi hizo, ila vichwa vya bolti wakaviweka saizi ya Whitworth ili fundi Mwingereza atumie spana zake. Kwa hiyo una bolti ambayo spana ni ya inchi na nyuzi ni za milimita. Ukipoteza nati moja, ukaenda dukani na spana mkononi kuonyesha saizi, utapewa nati isiyoingia. Beba bolti yenyewe.

---

Fundi Tapeti

Dada, hiyo ya Morris imenisumbua mwaka mzima kwa gari la mteja mmoja, leo ndiyo nimejua sababu. Mungu akubariki.

---

Mkunazini

Assalaam alaykum. Nami nipo Unguja, nimeona watu wa maarifa nikasema nisipite. Marehemu mjomba alikuwa na Vespa mbili. Katika vitu vyake kuna kama soketi, lakini badala ya pembe sita ina meno manne yaliyosimama kama taji, na mgongoni ina tundu la mraba la kuingiza racheti. Kaka yangu asema ni ya bomba la maji. Mimi sioni vipi.

---

Boda Igoma

Waalaykumu salaam. Hii naijibu mimi wakuu, naomba nafasi.

Hiyo ni ya nati ya klachi. Vespa nati yake ya klachi haina pembe, ina mikato minne kwenye ukingo. Meno ya kifaa chako yanakaa kwenye ile mikato. Najua kwa sababu pikipiki zetu za sasa hizi za cc 125, zilizoigwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, nazo zina nati ya aina hiyohiyo kwenye klachi. Mimi changu nimekitengeneza: nilichukua soketi kuukuu, nikaweka nati juu yake, nikachora mikato kwa msumari, nikachonga kwa tupa mpaka yakabaki meno manne. Siku mbili. Usidhani cha Vespa kitaingia kwenye CG, vipenyo haviko sawa, pima kwanza.

Asiyenacho anaweka tindo kwenye mkato na kugonga. Nati ni ngumu lakini ukingo unavunjika, na vipande vinaangukia kwenye oili ya injini. Nimeshafungua pikipiki nikakuta kipande kimekaa kwenye chujio la oili.

Kitunze hicho cha mjomba. Mafundi wa Vespa hapo Unguja watakukodi.

---

Mkunazini

Nimekipeleka leo kwa fundi wa jirani, kwenye Vespa iliyo wazi. Meno yamekaa, hata hayakucheza. Allah amrehemu mjomba na akujaalie kheri ndugu yangu.

---

Fundi Tapeti

Tusisahau namba 7. Ni kijiti cha kusagia valvu. Unapaka pesti ya kusagia kwenye ukingo wa valvu, unalowesha kikombe cha mpira na kukibana juu ya uso wa valvu kikashika kama mdomo wa ndama, halafu unapekecha kijiti kati ya viganja, kama wazee walivyopekecha moto. Mizunguko michache, unainua, unageuza kidogo, unapekecha tena. Ukifuta pesti ukaona mstari wa kijivu usiokatika kuzunguka ukingo wote, valvu imekaa. Kikombe kikubwa ni cha valvu kubwa, kidogo cha ndogo. Mpira ukishakauka haushiki tena, lakini kijiti kipo. Kata mpira wa tyubu nene, gundisha, utapata kazi kadhaa.

Sasa namba 6. Mkuu, piga picha ile sehemu ya kuchomelea kwa karibu, na uniambie mdomo una saizi gani.

---

Mwana wa Mkonge

Ringi ni 9/16 AF. Imekatwa kama sentimita nane kutoka kichwani, shingo imepindwa kama kiwiko kilichokunjwa nusu. Hapo imechomelewa nondo ya robo inchi, na mwisho wa nondo imekunjwa kitanzi. Rangi ya chuma kwenye kona ni buluu iliyofifia. Hakuna jina la kiwanda. Nimesugua chaki mara tatu.

---

Fundi Tapeti

Hutapata jina. Hiyo buluu ni moto: alikipasha kikawa chekundu, akakipinda kwenye fuawe, akakiacha kipoe chenyewe. Hakuna kiwanda kilichotengeneza hicho, alikitengeneza mzee wako. Nami ninavyo vinne vya namna hiyo. Fundi anakutana na bolti moja ambayo mtengenezaji wa gari aliiweka mahali mkono haufiki, anateseka nayo mara ya kwanza na ya pili, ya tatu anatengeneza chuma chake. Kwa saizi hiyo na mpindo huo, tafuta bolti ya juu ya stata, ile mota ya kuwashia injini, kwenye gari alilokuwa akilitengeneza mara kwa mara. Kitanzi cha mwisho ni cha kuvutia kwa kidole au kwa waya, maana mkono mzima hauingii.

---

Mwana wa Mkonge

Nimekaa nje dakika kadhaa kabla ya kuandika hili.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Alikuwa amelala chini ya Bedford, usiku, mimi nimeshika karabai. Aliniambia, "Nipe kile cha kitanzi." Nikampa. Nikasikia chuma kinapiga chuma, mlio mdogo, tena na tena, robo mzunguko kila mara, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya zaidi. Nilikuwa nahesabu ili nisisinzie. Nilifika mia na kitu. Halafu stata ikashuka kifuani kwake, akaishika kama mtoto.

Kumbe hicho ndicho kile cha kitanzi. Nimekuwa nacho mkononi wiki tatu.

---

Dada wa Changamwe

Pole sana ndugu yangu. Hicho kifungie lebo ya karatasi, uandike gari na bolti yake. Vifaa vya kiwandani vitatambuliwa na mtu yeyote mwenye vernia hata miaka hamsini ijayo. Cha namna hiyo kinajulikana kwako tu.

---

Boda Igoma

Mimi kesho naanza kuandika vyangu. Nina vyuma sita nimechonga mwenyewe na hata mke wangu hajui ni vya nini.

---

Mzee wa Nachi

Wanangu, nimesoma juu ya bomba la mm 52. Nina Land Rover ya 1974, habu ya kulia mbele inavuja oili miezi miwili. Huku nimeambiwa nigonge kwa tindo, nikakataa. Mwana wa Mkonge, sitaki kukunyang'anya cha baba yako. Naomba tu vipimo vya urefu na matundu, nitafute bomba nichongeshe.

---

Mwana wa Mkonge

Mzee wangu, vipimo havitakuwa na haja. Namba 3 na fimbo yake nimezifunga kwenye gunia kwa kamba ya katani, zinaondoka na basi la kesho alfajiri mpaka Dar, kisha zitabadilishiwa basi la kusini. Risiti ya mzigo nimekutumia kwenye ujumbe wa faragha. Fungua habu zote nne ukiwa nalo, usifanye ya kulia tu.

Na ukimaliza, nakuomba unipimie jinsi ile spana ya pili ya tapeti ilivyokuwa, unene wake na urefu wa shingo, kama bado unaikumbuka mkononi. Nimeshapata spana ya bei rahisi isiyo na jina. Jumamosi naisaga.